Msaada jamani: mbwa jike siku zimepita na hazai

Mkaa_Pwani (mwanzisha uzi): Assalaam alaykum. Nipo Jambiani. Nna mbwa jike, tumbo limejaa, chuchu zimevimba, lakini hazai. Tokea juzi hali kitu, anakunywa maji tu, ndoo haimtoshi, na kukojoa kila mara. Nauliza mawili: mimba ya mbwa inakwenda siku ngapi, na dawa ipi inamuanzisha uchungu? Habari ya najisi msinianzie, nimeshaisikia yote.

Yakhe_wa_Kaskazi: Mbwa Jambiani! Yakhe, kwani kuku wamekwisha?

BiKiduka: Babu yangu Muyuni alikuwa msasi wa nguruwe, majike yake yakizaa chini ya mfenesi, hata siku hakuna aliyehesabu. Kulikuwa na mmoja akiitwa Radi, siku moja alimkimbiza nguruwe mpaka ndani ya harusi ya watu... hiyo nitaileta siku nyengine. Muache, atazaa mwenyewe.

MstaafuMifugo: Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, baina ya 58 na 68. Lakini kwanza nijibu. Ulimuona akipandwa? Alipata joto lini? Kuna uchafu unamtoka? Alichomwa sindano yoyote?

Mkaa_Pwani: Kupandwa sikuona, ila madume yalikesha ukutani. Joto lilikwisha kama mwezi na nusu hivi. Uchafu upo, kidogo. Sindano, hamna ya maana.

MstaafuMifugo: "Ya maana" ndiyo ipi na isiyo ya maana ndiyo ipi?

Mkaa_Pwani: Haya. Madume yalipozidi, jamaa wa duka la dawa alinipa ile sindano ya miezi mitatu ya kina mama. Nikamchoma, tena kipimo kidogo kuliko cha mtu. Mwenye nyumba yuko Italia, kasema asikute watoto wa mbwa. Mlitaka nifanyeje? Na ya uchungu nimeshaahidiwa, naipata baada ya Magharibi.

MstaafuMifugo: USIICHOME. Huenda tumbo hilo halina mtoto hata mmoja, limejaa usaha. Kiu hiyo, kukojoa huko, kutokula, tena wiki kadhaa baada ya joto, ndiyo dalili zenyewe. Ile sindano inafanya kazi kama homoni ya mimba: ukuta wa kizazi unanenepa, kizazi kinashindwa kujisafisha, na vijidudu vilivyoingia wakati wa joto vinazaliana humo. Ukimlazimisha asukume, kizazi kinaweza kupasuka. Anahitaji daktari wa mifugo leo, apimwe kwa ultrasaundi, na ikiwa ni usaha afunguliwe tumbo kitolewe kizazi chote.

Mkaa_Pwani: Mbona wanawake wanachomwa na hawajai usaha, mzee?

MstaafuMifugo: Bibi, si mzee. Mbwa jike akimaliza joto, apandwe asipandwe, homoni hiyo inabaki juu karibu miezi miwili. Wewe umemuongezea nyengine juu yake. Ukitaka asizae, afungwe kizazi na daktari, basi.

Ustadh_Mpole: Kuna mtu alisamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa maji kwa kiatu chake. Duka la dawa halimo katika hadithi hiyo.

Mchunguzi: Nyie mnalishwa tango pori. Mbwa hana jina, tajiri yuko Italia, muuza dawa hajulikani, na sindano inakuja baada ya Magharibi kama mchezo wa redio. Weka picha.

Yakhe_wa_Kaskazi: Mie toka mwanzo nilisema kuku.

BiKiduka: Mwezi uliopita kulikuwa na uzi wa paka aliyemeza pete ya posa. Tulilia humu, kumbe uongo mtupu.

Mkaa_Pwani: Anaitwa Chiku. Picha hiyo. Tazameni mkia ulivyogandana manyoya, na gunia lenye doa kama maji ya ukwaju. Harufu yake haipigiki picha.

Mchunguzi: Naona mnazi na gunia. Hapo hata Tanga.

MstaafuMifugo: Mchunguzi, kaa kimya kidogo. Mkaa, mfunue mdomo. Fizi zina rangi gani?

Mkaa_Pwani: Nyeupenyeupe. Na anahema sana.

MstaafuMifugo: Basi acha kuandika. Mlaze kwenye ubao, usimbane tumbo, maji mpe akiyataka, chakula usimlazimishe. Na utakapofika umwambie daktari habari ya sindano ile, usimwambie "hamna ya maana".

Mkaa_Pwani: Gari gani itampakia? Nimeuliza wawili, wamecheka. Na huyo wa Italia nimwambie nini?

Kirikuu_Paje: Mwambie gharama. Mie nipo Paje na gari ya mizigo, natandika turubai. Tukirudi utanioshea gari mara saba, moja kwa udongo, mafuta juu yako.

Mkaa_Pwani: Nipo nyuma ya skuli, geti la buluu.

Mchunguzi: Kirikuu, nipitie na mimi hapo njia panda. Huyo mbwa nataka nimuone kwa macho yangu.