Kifaransa kwa wanafunzi wa upishi: tuanzie sarufi au jikoni?

Mwalimu wa Eastlands

Walimu wenzangu, naomba ushauri wenu. Ninafundisha Kifaransa katika shule ya upili hapa Nairobi, na muhula huu nimepewa wanafunzi 24 wa Gredi ya 10 ya mtaala mpya wanaosoma Sayansi Kimu na kukusudia kufanya kazi za hoteli. Nina vipindi vitatu kwa wiki, vya dakika 40 kila kimoja. Miaka yote nimefundisha kwa kuuelekea mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, yaani insha, ufahamu, imla na mazungumzo mbele ya mtahini, na nilidhani mazoea hayo yangenitosha.

Wiki iliyopita niliingia nao jikoni nikiwa na maelezo ya kupika mchuzi yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Msichana mmoja, ambaye darasani hakuna anayemshinda kunyambua vitenzi, alifika penye maneno “faire revenir les oignons”, akasimama na mwiko mkononi, kisha akaniuliza kwa upole vitunguu virudishwe wapi. Alikuwa amefasiri kila neno sawasawa. Mwalimu wa Sayansi Kimu, ambaye hajui Kifaransa hata kidogo, alitazama kiasi cha mafuta na hatua iliyofuata, akasema, “Hapo lazima ni kuvikaanga polepole mpaka vilainike na kugeuka rangi.” Yeye ndiye aliyepata.

Tangu siku hiyo sina utulivu. Je, niendelee kujenga misingi ya sarufi kwa mwaka mzima ndipo niingize lugha ya kazi, au nianze na jikoni tangu mwanzo na kuiacha sarufi ifuate?

Karakana

Mwalimu, anza jikoni. Mimi nafundisha Kijerumani, na kwa muda nimekuwa nikishirikiana na mwenzangu wa umekanika. Mfumo wa elimu wa zamani wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE ni wa 2027, ulitutenganisha sana: masomo ya ufundi yako kundi la nne, lugha za kigeni kundi la tano, na mara nyingi ratiba ya shule humlazimu mtoto achague moja kati ya hayo mawili. Kwa hiyo aliyeshika spana hakushika Kijerumani, na aliyeshika Kijerumani hakuwahi kuchafua mikono kwa grisi. Naliona hilo kuwa hasara kubwa, hasa baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mnamo Septemba 2024, kwa sababu kijana anayetaka kujifunza kazi katika kiwanda cha huko kwa kawaida hutakiwa kufika kiwango cha B1, yaani kiwango cha kati cha kuijua lugha, na B1 haipatikani kwa miezi miwili ya kukariri.

Nitakueleza tunavyofanya. Kila kifaa karakanani kina kibandiko chenye jina na kitambulishi chake, yaani kineno cha mbele kinachoonyesha jinsia ya nomino: der Hammer (nyundo), die Zange (koleo), das Messer (kisu). Wanafunzi walipolalamika kwamba vitambulishi hivyo vitatu havina mantiki, niliwauliza kwa nini nyundo “imevunjika” ilhali kisu “kimevunjika”. Wakanyamaza, kisha wakaanza kutaja ngeli wenyewe. Msemaji wa Kiswahili ana hazina hapa ambayo tunaisahau: upatanisho wa kisarufi si jambo geni kwake, analifanya kila anapofungua kinywa, ingawa vijana wetu wa Nairobi huteleza. Baada ya hapo hatukukariri orodha tena. Anayehitaji koleo analiomba kwa Kijerumani, na asipolitaja sawasawa mwenzake humsahihisha kabla ya kumpa.

Jambo moja zaidi: tuliyatanguliza maonyo ya usalama, kama vile “Nicht berühren”, yaani usiguse, hata kabla ya salamu.

Mama Oda

Mimi si mwalimu, ila nimesimamia wahudumu wa mkahawa wa hoteli katikati ya jiji kwa miaka 19, na vijana wenu huishia mikononi mwangu. Ningependa kuwauliza walimu mnamfikiria mgeni gani mnapofundisha. Wageni wangu wengi wanaozungumza Kifaransa hawatoki Paris. Wanatoka Kinshasa, Lubumbashi na Bujumbura, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 nakutana nao kila wiki.

Kijana mmoja aliyefaulu Kifaransa vizuri aliwekwa kwenye malipo. Mgeni akamwambia “nonante”. Kijana alikuwa amefundishwa kwamba 90 ni “quatre-vingt-dix”, kwa hiyo akabaki kuangalia mashine huku foleni ikirefuka, na mgeni akadhani anadharauliwa. Wakongomani husema “septante” kwa 70 na “nonante” kwa 90, kama Wabelgiji waliowatawala. Hilo ni somo la dakika kumi tu, lakini hakuna aliyempa.

Pia wafundisheni kusikia neno “allergique”, yaani mwenye mzio, hata likisemwa haraka na mtu aliyekasirika, kwa maana karanga ikiingia kwenye sahani isiyotakiwa, msamaha hautamsaidia mgeni.

Msomi wa Sarufi

Naomba kutofautiana kwa heshima. Nimewaona wanafunzi wanaojua majina 200 ya vyakula na ambao hawawezi kumwambia mgeni, “Samaki amekwisha, lakini tunaweza kukuandalia kuku ukisubiri robo saa.” Sentensi hiyo haina msamiati mgumu, ugumu wake uko katika kukanusha, katika wakati na katika sharti. Mgeni anapolalamika hutumia wakati uliopita, na mhudumu aliyefundishwa kuagiza na kupokea tu hataelewa ni jambo gani lilitokea na lini.

Vilevile, mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana umri wa miaka 15 au 16. Akibadili nia baadaye na kutaka uuguzi au uanahabari, Kifaransa cha sufuria peke yake kitamfungia mlango ambao sisi ndio tuliokuwa na ufunguo wake.

Mwalimu wa Eastlands

Nawashukuru nyote. Msomi wa Sarufi, hoja yako imenigusa, na nadhani sentensi yako ya samaki ndiyo njia yenyewe: sitaifundisha kanushi kwa mifano ya kitabuni, nitawapa chakula kilichokwisha na mgeni mwenye njaa. “Il n’y a plus de poisson”, yaani samaki amekwisha, itafungua somo zima la kukanusha, na maelezo ya mapishi yatabeba vitenzi vya kuamuru. Nimekubaliana na mwenzangu wa Sayansi Kimu kwamba kipindi kimoja kati ya vitatu tutakiendesha pamoja, yeye akishika mwiko nami nikishika lugha, na malalamiko ya wageni yataanza muhula ujao, wakishauzoea wakati uliopita.

Jumanne tunapika samaki aina ya mbuta. Mama Oda, wageni wako wa Kinshasa humwagiza kwa jina gani?

Mama Oda

Humwita “capitaine”. Waambie watoto mapema, maana kamusi itawaambia ni nahodha.