Mjadala: Tukiuziwa chakula kibovu, tumtaje muuzaji au tumstiri?

Naweka hoja mezani, nanyi mchangie kwa ustaarabu wetu.

Hapa Unguja kila mtu ana maoni yake juu ya hoteli za kula, lakini yanaishia barazani. Kaa Jaws Corner na kikombe cha kahawa, utaambiwa biriani ya wapi ina nyama ya jana, urojo wa nani ni unga mtupu bila embe, na kibanda gani ukienda na mgeni bei inaruka. Mtu huyohuyo muombe aseme hadharani, atakwambia, "Yakhe, niache, ile riziki ya mtu." Mie nasema tuseme, tena kwa jina. Anayepinga na anipinge, lakini anisikilize kwanza.

Kunyamaza kwetu hakujawazuia wengine kusema. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na wengi wakishakula huandika kwenye Google na Tripadvisor. Hao ndio wanaogawa nyota. Soma wanachosifia: upepo wa bahari, jua linazama, mhudumu mcheshi, pilipili haikuwasha. Kama mchuzi umetiwa kasimele, lile tui zito la kwanza, au tui jepesi la mwisho, hawajui, na si kosa lao. Kuna hoteli za nyota tele ambazo mchuzi wake wa pweza Mzanzibari hamalizi sahani. Na kuna mama anauza mkate wa kumimina na mbatata za urojo mlangoni kwake, alasiri watoto wamejaa na mabakuli, na nje ya mtaa hakuna anayemjua. Chakula chetu kinahukumiwa na watu waliokionja mara moja kwa sababu sie tuliokulia tumefunga midomo.

Sasa tuje Forodhani, maana ndipo ugomvi ulipo. Bustani ile ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa tena 2009, ikapendeza, na jioni meza zinapangwa na wapishi wamevaa kofia zao nyeupe. Sogea kwenye baadhi ya meza uangalie vizuri. Mishikaki ya nguru, ngisi, kamba, pweza, vyote vimeshachomwa tangu alasiri, usiku kazi ni kuvirudisha motoni tu. Mnyiri wa pweza uliorudi motoni unajulikana: ncha imekauka na kujikunja, na vile vikombe vyake vimekuwa vigumu kama vifungo vya koti. Uliza bei. "Kula kwanza, tutaelewana." Maneno hayo ndiyo mgogoro wangu mkubwa. Kitu kikishaingia tumboni hakina tena mapatano. Na asikudanganye mtu kwamba wanaoumia ni Wazungu pekee. Mtu wa Makunduchi akija mjini sikukuu na watoto wake, amevaa vizuri, anakula bei hiyohiyo, na kwa kuwa ni muungwana analipa na kuondoka kimya.

Hatua chache pembeni yupo kijana wa pizza. Donge la unga analitandaza jembamba mpaka linaonyesha mbao ya meza, anatia nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili boga, anapasulia yai, anakunja pande nne na kuliweka kwenye chuma cha moto. Kila kilichoingia umekiona kwa macho yako, na bei imeandikwa ubaoni. Huyu na yule wa pweza tunawatia kapu moja: "Forodhani siku hizi wizi mtupu." Kwa vile hatumtaji mbaya, mwema anabeba mzigo usio wake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata pesa.

Mkumbuke kipindupindu cha 2015 na 2016. Uuzaji wa vyakula na vinywaji mitaani ulipigwa marufuku. Aliyekuwa akiosha vyombo kwa maji ya kuchemsha alifunga, na aliyekuwa akivichovya kwenye ndoo moja kutwa nzima naye alifunga, sawasawa. Wateja tulijua tofauti yao muda mrefu kabla. Hatukusema.

Nisichokitaka nikiseme pia. Sitaki watu waanze kuwachafua wapishi kwa sababu chumvi imezidi au wali umeshikana. Ladha ni ya mtu na ulimi wake. Nazungumzia bei ya kificho, chakula kilicholala kinachouzwa kama cha leo, na uchafu.

Karibuni.

Mzee, Malindi

Mwanangu, umesema kwa ufasaha lakini adabu umeiweka kando. Abu Huraira amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula ila, yaani kasoro, hata siku moja. Akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Hiyo ndiyo njia. Hukupenda, usirudi. Ukimtangaza mtu kwa jina unamvunjia nyumba, maana nyuma ya ile meza pana mke, watoto, na pengine mama mgonjwa. Neno likishatoka halirudi.

Mwenye hoja

Shikamoo mzee wangu. Hadithi hiyo naijua na naifuata. Ramadhani jirani akiniletea sahani ya tambi au bakuli la uji wa pilipili manga, liwe tamu lisiwe tamu, nasema alhamdulillahi na sahani hairudi tupu. Chakula cha hisani hakitiwi ila. Lakini ipo na nyingine, na amepokea Abu Huraira huyohuyo. Mtume alipita penye rundo la nafaka la muuzaji, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umaji. Akauliza ni nini hii. Akajibiwa ni mvua. Akamwambia kwa nini hukuiweka juu watu wakaiona, mwenye kughushi si katika mimi. Pale hakukosolewa chakula, palikosolewa mauzo. Mie nimesimama hapohapo.

Mzee, Malindi

Marahaba. Kwenye kughushi sina la kupinga. Ila tazama vizuri: alimwambia mwenyewe, ana kwa ana, penye bidhaa yake. Hakwenda kumtangaza mji mzima. Wewe unataka kuanza na mji mzima.

Mwenye hoja

Umenibana mzee, na hapo nakubali: aambiwe mwenyewe kwanza, papo hapo, kwa sauti ya chini. Lakini yale maneno "watu wakaiona" siyaachi. Haki ilikuwa ya wanunuzi, haikuwa siri ya wawili. Mtu akiambiwa akabadilika, yamekwisha. Akiambiwa akacheka, kisha kesho pweza yuleyule yuko mezani, kumstiri yeye ni kumuuza mteja anayefuata.

Muuzaji, Forodhani

Mie nauza pale, na nasoma haya na roho inaniuma kwa sababu mengine ni kweli. Lakini semeni yote. Mbatata na vitunguu vinavuka bahari kutoka bara, meli ikichelewa bei inapanda. Pweza mzuri tunagombania na mahoteli ya kitalii, wao wana magari yanayosubiri ufukweni. Mkaa nao msiuulize.

Na kuna jambo hamlijui nyie mnaokuja kula tu. Papasi, wale vijana wanaowawinda watalii mitaani. Anakuja na wageni wake wanne, anawakalisha kwangu, kisha anasimama pembeni akisubiri chake. Nisipompa, kesho anawapeleka kwa mwenzangu na kuwaambia kwangu kuna maradhi. Chake hicho kinatoka wapi? Kinatoka kwenye bei. Ukisikia "kula kwanza, tutaelewana", mara nyingi tunaoelewana ni mie na papasi, siyo mie na mgeni. Mkitutaja sisi kwa majina, na papasi mtamtaja?

Mie bei zangu nimeziandika ubaoni. Wenzangu walininunia kwa muda.

Mwenye hoja

Kaka, ahsante sana. Hili la papasi ndilo nililokuwa nalitafuta na nisingelipata kwa mteja yeyote. Naliongeza kwenye hoja yangu: anayesema asiseme bei tu, aseme na kama aliletwa au alikwenda kwa miguu yake.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Kwani serikali kazi yake nini?

Mwenye hoja

Wakala wa Chakula na Dawa upo kwa ajili ya usalama wa chakula, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ipo kumlinda mnunuzi. Ukiumwa na tumbo wewe na wenzako, nenda huko, usiandike tu. Lakini nani atapanda daladala kwenda kushitaki kwa ajili ya mshikaki wa pweza? Madogo kama haya ni yetu wenyewe.

Mtembeza wageni, Mji Mkongwe

Nitasema fupi. Mgeni wa siku hizi swali lake la kwanza ni "nyie wenyewe mnakula wapi?" Mie namjibu kwa nilichosikia kwa mama yangu na marafiki, hakuna pengine pa kutazama. Na huko Nungwi na Paje mambo ni mazito kuliko Forodhani. Miaka mingi menyu zilikuwa za dola tupu, mwenyeji akikaa anapiga hesabu kichwani mpaka hamu ya kula inakwisha. Mwaka 2025 kanuni mpya zilipiga marufuku kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini, na hilo ni jema, lakini dola ikigeuzwa shilingi bei inabaki ya mgeni. Mkianza kusema, msiwaonee wenye vibanda mkawaogopa wenye mabwawa ya kuogelea.

Mchangiaji, Wete

Nyie watu wa Unguja mna mji mkubwa, ndo maana mnahitaji yote haya. Kwetu Pemba, Wete au Chake, ukisema mchuzi wa hoteli fulani umelala, jioni mwenyewe keshajua nani kasema, Ijumaa mko safu moja msikitini, na pengine mkeo ni binti ami yake. Kumtaja mtu hapa ni kumtaja ndugu. Kwa hiyo twasema uso kwa uso, na husikia, kwa sababu wateja ni walewale kila siku. Watalii wa kumlisha mara moja na kumwacha aende hatuna wengi.

Nawapa mfano wa halua. Wete ukenda kununua halua, muuzaji hakwambii nunua. Anakumegea kwanza. Waionja, wasikia iliki, wajua kama samli ni nzuri na kama imekorogwa ikaiva, au imetolewa motoni mapema ikabaki yanata menoni. Ndipo anauliza robo au nusu kilo. Ugomvi utoke wapi? Nyie fanyeni hivyo Forodhani: bei ijulikane, kipande kionjwe, mtu ajue anachonunua. Haja ya kutajana itapungua.

Mwenye hoja

Ndugu yangu wa Wete, la halua nimelipenda, na wenye meza wachukue. Lakini mji wetu ndio huo uliousema. Anayekula leo kesho kapanda boti, na muuzaji mbaya analijua hilo vizuri kuliko mie na wewe. Ule uso kwa uso wenu unafanya kazi kwa kuwa mteja atarudi. Kwetu mahali pa huyo mteja anayerudi pako wazi, na mie nataka tupajaze sie wenyeji.

Mama wa vitafunio, Michenzani

Mwanangu, mie napika kababu, katlesi na sambusa nyumbani. Niliwahi kuambiwa na mteja sambusa zangu zina mafuta ya zamani. Niliona haya, lakini alikuwa kweli, nilikuwa nayarudia mno. Aliniambia taratibu, mlangoni, watoto hawapo. Angelisema kwa watu nisingepika tena. Nawaombeni hilo tu, msianze na watu.

Mwenye hoja

Mama, shikamoo, na nimekusikia. Basi tuanze hivi, na anayetaka kuongeza aongeze. Ukisema, sema umekula nini, saa ngapi, umelipa kiasi gani, bei uliijua kabla au baada, na kama mwenyewe ulimwambia akajibu nini. Asiyemwambia mwenyewe asitaje jina. Anayeuza nyumbani mlangoni, kama mama hapa, asitajwe kwa ubaya kabisa, aambiwe tu. Mwenye leseni, meza ya watalii na menyu ya plastiki, huyo akiambiwa asisikie, atajwe. Na sifa zisemwe kwa jina tangu leo, hizo hazina sharti.

Naanza na sifa. Hoteli ya Lukmaan, pale Mkunazini: chakula kimepangwa mbele yako, unanyoosha kidole, unakiona kabla hakijafika kwenye sahani. Wenyeji na wageni tunapanga mstari mmoja. Uliza bei ya samaki kabla hujakaa, maana samaki hawalingani.

Na lawama ninayo moja, ya meza moja pale bustanini, pweza wa jana na bei ya kupigiwa hesabu hewani. Sijamwambia mwenyewe bado, kwa hiyo jina silitoi. Nitakwenda, na atakalonijibu nitaliandika hapahapa.

Kaka muuzaji, ubao wako uko upande gani, wa baharini au wa Beit el Ajaib?

Muuzaji, Forodhani

Upande wa Ngome Kongwe. Njooni baada ya magharibi, ndio kwanza naanza kuchoma. Mkikuta kosa mniambie pale pale. Na papasi akiwafuata, mwambieni mmekuja wenyewe.