Tumepiga mlio wa sungura kumwita bweha, wamekuja wote isipokuwa bweha. Naomba ushauri

Mfugaji wa Mwisho wa Lami

Wakuu, heshima kwenu.

Nina banda la kuku wa kienyeji mwisho kabisa wa Chanika, kule ambako ukivuka korongo uko Kisarawe. Kuna kitu kinanimalizia kuku usiku. Mjomba wangu ana bunduki anayoimiliki kihalali, na ofisi ya wanyamapori tumeshafika (nawajua, mngeanza na hilo). Yeye anasema mwizi ni bweha, na bweha haviziwi, anaitwa. Basi tukapakua kwenye simu mlio wa sungura aliyekamatwa, tukaficha spika ndogo katikati ya mihogo, sisi tukajibanza nyuma ya kichuguu.

Wa kwanza kuja alikuwa funo. Jike. Nilivyojua mimi, mnyama wa kuliwa akisikia mwenzake analia anatokomea. Huyu alikuja mbio mpaka kwenye spika, akasimama kichwa chini, kale kashungi ka utosini kamesimama, anapiga kwato ardhini na kupuliza pua. Mjomba akamulika tochi, wapi. Aliondoka nilipozima mlio.

Akafuata bundi. Huyo hatukumsikia hata chembe, tuliona tu kofia ya mjomba haipo tena kichwani.

Asubuhi nikajaribu peke yangu. Tumbili wa kwenye mwembe wakaangusha makelele, ng'ombe wa jirani wakaja kwa mstari wakaizunguka spika wanakoroma. Na usiku uliofuata wakaja binadamu: mjumbe, kina mama na vijana wenye marungu, wanatafuta kichanga kilichotupwa. Kwa mbali ule mlio ni mtoto kabisa, siwalaumu. Kuwaelewesha ilikuwa shughuli, na kuna mama mmoja mpaka leo ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Maswali yangu: kwa nini wanakuja wasiohusika? Kuna mlio unaoita bweha peke yake? Au niweke mlio wa simba, huyo mwizi ahame mwenyewe?

Kijiwe Nongwa

Mjumbe naye kaitika 😂😂 Siku nyingine piga mlio wa watu wanagawana hela ya kikoba, hata bweha atakuja na kadi yake.

Mndengereko wa Mbagala

Mdogo wangu, huyo funo hajapotea njia. Mtoto wa funo, wa paa, wa swala, wote wakishikwa wanatoa sauti moja nyembamba ya kukata roho. Mama haulizi kwanza ni wa nani, anakwenda. Ndiyo maana kwenye misitu ya Kongo wawindaji hawahitaji spika. Mtu anabana pua kwa vidole, analia kama funo mdogo, na funo wakubwa wanatoka kichakani wenyewe kumfuata. Watafiti wa kule nao wameshautumia mlio huohuo kujua msitu una funo kiasi gani. Ila wazee wa kazi wanaijua na shida yake: wakati mwingine anayetoka kichakani ni chui. Anakuja sokwe, anakuja tai. Kile ni kilio cha hadhara, kila mwenye masikio anakichukua kivyake. Mwenye mtoto anakuja kupigana, mwenye njaa anakuja kula, na asiye na lolote anakuja kushangaa kama wale ng'ombe.

Kuhusu bweha, nikwambie kitu: inawezekana kabisa alikuja, ila hakuja mbele yako. Bweha hafuati mlio moja kwa moja. Anazunguka mpaka upande ambao upepo unamletea harufu, ananusa, akikuta mjomba na sigara zake anageuza. Ninyi mlikaa wapi na upepo ulitoka wapi? Hujaeleza, na hilo ndilo swali. Spika ikae mbali na mtu, na mtu aangalie kule upepo unakoelekea, siyo kuikodolea macho spika.

Na hilo la kofia ni bahati. Bundi anaona kitu chenye manyoya kinatikisika jirani na mlio, kwake huyo ndiye sungura. Angeshuka kidogo tu tungekuwa tunaongelea jicho.

Mimi hata nikilipwa sikai gizani nalia kama kitoweo. Kwetu Rufiji kati ya 2002 na 2004 simba walikula watu wengi, mtu wa rika langu hasahau.

Mstaafu wa Kijani

Naongea kifupi. Kibali kinataja mnyama. Kama kimeandikwa bweha na mjomba akamlaza funo, huo ni ujangili, haijalishi funo alijileta. Tochi na spika navyo kaulize ofisini kama njia hizo zinaruhusiwa kwenye kibali chako, usichukulie kimya chao kuwa ruhusa. Halafu Chanika ya leo kuna nyumba kila upande. Risasi inayomkosa bweha haiishii hewani, inakwenda kwa mtu. Na msitu wa Kazimzumbwi ni hifadhi, usije ukamfukuza mnyama ukajikuta umo ndani na bunduki mkononi.

Mfugaji wa Mwisho wa Lami

Asante mzee wangu. Mjomba kasoma, kanuna, lakini kakubali bunduki ibaki nyumbani kwanza. Mndengereko, tulikaa upepo ukiwa mgongoni unaelekea kwenye spika. Nimeelewa.

Binti Msafara

Kaka, mimi natembeza wageni mbugani, naomba nichangie hapo kwenye mlio wa simba.

Kwanza, mlichofanya ninyi Chanika ndicho kinachofanywa mbugani kwa makusudi mtu akitaka kuhesabu fisi na simba. Maasai Mara walishafanya hivyo, wakapiga sauti kwenye vipaza sauti wakahesabu waliojitokeza. Kwa hiyo kama kuna fisi anapita huko korongoni, umeshampa anwani.

Pili, mlio wa mla nyama si lazima umfukuze mtu. Serengeti, mtafiti Karen McComb na wenzake Craig Packer na Anne Pusey waliwapigia simba jike ngurumo za simba jike wageni, matokeo yakachapishwa 1994. Wenyeji walisikiliza ni sauti ngapi. Ikiwa moja na wao ni wengi, walikwenda kuifuata spika. Zikiwa tatu, wakasita zaidi. Yaani wanapiga hesabu kabla ya kwenda kwenye ugomvi, kitu ambacho madereva wetu wengi hawakiwezi.

Halafu kuna hii ya Kruger, Afrika Kusini, iliyotoka 2023. Waliweka spika na kamera kwenye sehemu za maji, wakapiga ngurumo za simba, mbwa wanabweka, milio ya bunduki, na watu wanaongea kawaida tu, bila kufoka. Unajua kilichowakimbiza zaidi wanyama? Maongezi ya watu. Uwezekano wa kukimbia uliongezeka mara mbili kuliko kwa sauti ya simba, na maji waliyaacha kwa haraka zaidi kwa asilimia 40. Tembo ndio kituko: wakisikia sauti ya watu, wanaondoka; wakisikia ya simba, wanakuja kumtafuta. Mmoja aliifuata spika usiku akavunja kamera na kila kitu.

Kwa hiyo achana na simba. Weka redio bandani, kituo cha maongezi, sauti ya wastani. Badilisha mahali kila baada ya siku chache, maana wakishagundua kwamba redio haina miguu wanaizoea.

Na hao tumbili usiwapuuze. Kule Amboseli, Kenya, watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, na kila mmoja una jibu lake. Wa chui wanapanda juu, wa tai wanaangalia angani au wanaingia kichakani, wa nyoka wanasimama wanakagua chini. Ukiwasikia tena usihangaike na simu, tazama macho yao yako wapi. Watakuonyesha mwizi kabla hujamwona.

Kijiwe Nongwa

Redio ya maongezi usiku kucha? Kuku watataga mayai yenye maoni ya kisiasa.

Mama Vifaranga

Mmeandika kurasa nzima za spika na hakuna aliyeuliza kuku wanakufaje! Mwenye uzi, njoo hapa. Wanabebwa au wanaachwa? Wanaliwa wapi? Mlango unakuwaje asubuhi?

Mfugaji wa Mwisho wa Lami

Mama, mara ya mwisho niliwakuta kadhaa wamekufa humohumo ndani, wengine nusu. Mlango ulikuwa umefungwa na komeo, ila ubao wa chini pembeni umeng'olewa, misumari imetoka na mbao. Chini kuna shimo kama limechimbwa kwa jembe.

Mama Vifaranga

Sasa bweha gani anang'oa ubao? Bweha ni mwizi wa mlango wazi. Anachukua mmoja, anaondoka naye, unabaki na manyoya njiani. Kanu au ngawa angepenya kwenye upenyo uliopo. Anayebomoa, akachimba, akaua kuliko anavyoweza kula, huyo ni nyegere. Chekecha majivu, tandaza mbele ya lile shimo jioni, asubuhi tazama. Vidole vitano na alama ndefu za kucha mbele, hapo huhitaji mtaalamu.

Jirani Mwema

Mimi bado nasema ni mbwa wa mtu. Mbwa wa jirani zetu ndio wachimbaji wakubwa.

Mama Vifaranga

Mbwa ana vidole vinne kwenye alama. Ndiyo maana nimesema majivu.

Mfugaji wa Mwisho wa Lami

Mrejesho. Majivu yamesema vidole vitano, na kucha ndefu zimechora mbele ya kila unyayo kama mtu kapitisha uma. Mjomba kaangalia, kakaa kimya, kisha akauliza kama nyegere naye anaitwa kwa mlio. Nimemwambia kibali chetu hakimtaji nyegere.

Mstaafu wa Kijani

Safi. Na msimzingire kwa marungu pia. Ngozi yake inalegea. Ukimshika kisogoni anageuka ndani ya ngozi yake anakung'ata wewe.

Mfugaji wa Mwisho wa Lami

Fundi anakuja Jumamosi. Nimepanga kuzungushia wavu wa kuku chini kote, nafikiri unatosha?

Mama Vifaranga

Ule mwepesi wa matundu ya pembe sita? Hapana baba, ule ni wa kuzuia kifaranga asitoke, nyegere anauchana. Chukua wavu mzito wa waya zilizochomelewa. Chimba mtaro kuzunguka banda, uzame kama nusu mita, na chini ukunje kuelekea nje, ili akichimba kutoka nje akutane nao. Mbao za chini toa, weka tofali. Komeo liwe la kuzungusha na pini, siyo la kusukuma. Na maganda ya mayai na utumbo usitupe hapo korongoni, ndiko anakoanzia.