Naomba ushauri: mteja ameniandikia "fell through", niendelee na kazi au nisimame?

Nakshi_Dunda: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni seremala hapa Bagamoyo, na mteja wangu aliyeko Uingereza ameniletea ujumbe wenye maneno "fell through". Kijana wangu anashikilia kwamba maana yake ni "imepita". Je, ni kweli?

Mwalimu_Mstaafu: Si kweli. "Fall through" ni mpango, mkopo au biashara kushindikana kabla ya kukamilika, na "fell" ni wakati uliopita. Kinachoshindikana ni jambo lenyewe, si mtu, ndiyo maana kitenzi hiki hakichukui yambwa, yaani mtu au kitu cha kutendwa. Jambo likipita au likikubaliwa, husemwa "go through". Tuwekee sentensi nzima.

Bi_Mlingotini: Mwanangu, mimi niliwahi kuagizwa mikeka na mgeni wa namna hiyo, nikasuka hadi ukili ukanichubua vidole, naye hakuonekana tena. Kwanza amekulipa chochote?

Nakshi_Dunda: Bado, mama. Ameandika hivi: "The loan fell through, but we still hope to go through with the house." Mnaona wenyewe kwamba "go through" imo. Isitoshe, mfaa wa mlango alioniagiza, yaani ule ubao wa katikati, nimekwisha kuuchonga, na mbao za mninga za miimo nimezichukua kwa deni, kwa hiyo kusimama sasa ni hasara tupu.

Mwalimu_Mstaafu: Hiyo "with" ndiyo inayogeuza maana. "Go through with" ni mtu kulitekeleza alilokusudia mpaka mwisho, hasa linapokuwa gumu. Mkopo umeshindikana, nyumba bado wanaitaka, na "hope" ni matumaini tu. Muulize atalipa lini kabla hujashika patasi.

Pwani_Tulivu: Mniwie radhi, kisa hiki mimi sikiamini. Sentensi moja kubeba "fell through" na "go through with" kwa mpangilio huo ni swali la mtihani, na huyu ni mwanafunzi anayefanyiwa kazi yake.

Nakshi_Dunda: Mwanafunzi gani anayejua mfaa?

Pwani_Tulivu: Mjukuu wa seremala. Weka picha.

Bi_Mlingotini: Hata angekuwa mwanafunzi, deni la mbao lisingemwachia.

Mgeni_Kaole: Nami naiomba picha, ila si kwa ushahidi. Ninajenga Kaole na bado sijapata mlango wa mbele. Huo una upana wa futi ngapi?