Kuhama GNOME kwenda Xfce bila kusakinisha mfumo upya

Swali: Ndugu zangu, kompyuta yangu ya mpakato ina RAM ya GB 4 na inatumia mfumo wa Ubuntu 22.04 wenye mazingira ya eneokazi ya GNOME (yaani madirisha na menyu ninazoziona). Kila nikifungua kivinjari pamoja na LibreOffice, mashine hukwama hadi kishale cha kipanya hakisogei. Je, naweza kuhamia Xfce, mazingira mengine yaliyo mepesi zaidi, bila kupoteza mafaili yangu?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, wala mafaili yako hayataguswa, kwa kuwa mazingira ya eneokazi ni programu tu zinazokaa juu ya mfumo. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike sudo apt install xfce4. Ukiulizwa uchague kati ya gdm3 na lightdm (programu za skrini ya kuingilia), bakiza gdm3 uliyoizoea. Kisha toka kwenye akaunti yako, na kwenye skrini ya kuingilia bofya jina lako, na kabla ya kuandika nenosiri bofya alama ya gurudumu la meno iliyo chini kulia, uchague Xfce.

Jibu: Nakubaliana na mwenzangu, ila nakusihi usiiondoe GNOME mapema, maana ukikwama utarudi kwa gurudumu lile lile. Ukishaingia Xfce, nenda kwenye mipangilio ya madirisha uzime vivuli na uangavu (madirisha kuonyesha kilicho nyuma yake). Tena, kivinjari chenye kurasa nyingi kitakula RAM popote, hivyo zipunguze.

Muulizaji: Nimefuata maelekezo, nami naandika haya nikiwa ndani ya Xfce, hati yangu ikiwa wazi pembeni na kishale kinasogea. Nawashukuru sana.