Tupeane uzoefu: uko katikati ya Kariakoo, mtoto anasema "limefika". Unafanyaje?

Mama Tausi:
Wadau habari za jioni. Jana nilikwenda Kariakoo na mwanangu wa miaka minne, tulifuata viatu vya shule. Tuko mtaa wa Kongo, pale ambapo ukisimama unasukumwa na usiposimama unakanyagwa, mtoto ananivuta kanga. "Mama, kojo." Namuuliza, linakuja au limefika? "Limefika." Kulia mashuka, kushoto masufuria, nyuma mkokoteni, mtu anapiga kelele "pisha, pisha mgongo!" Viatu tulipata, lakini suruali ililoa kabla hatujafika Msimbazi. Muuza soksi akacheka mpaka akakaa chini. Dada mmoja wa duka la mikoba akaniletea maji kwenye kopo, Mungu ambariki. Nimerudi nyumbani najiuliza, watoto wote wanaoingia Kariakoo kila siku wanajisaidia wapi? Tupeane uzoefu. Wa Mwanza, Unguja, Nairobi karibuni pia.

Kisu Butu:
Mtoto wa miaka minne Kariakoo anafuata nini? Pima mguu kwa kamba, nenda peke yako. Mama zetu walifanya hivyo na tulivaa.

Mama Tausi:
Kamba haisemi kama kidole kinabanwa. Na nimwache na nani, na wewe?

Kisu Butu:
Mi simo.

Bajaji ya Tabata:
Siti yangu ya nyuma inazijua hizi habari. Naishia hapo.

Babu Gerezani:
Enzi zetu kulikuwa na rambo. Unaliweka chini, mtoto anamaliza shida zake, unafunga fundo, maisha yanaendelea. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, nimejaribu hii mipya inayofanana na kitambaa. Inavuja. Msijaribu.

Mama Kulwa:
Mada imenitonesha. Mimi nina mapacha, Kulwa na Doto, wakati huo wana miaka mitatu na nusu. Ilikuwa siku chache kabla ya Idi, saa saba mchana, mtaa wa Narung'ombe. Natafuta vitenge vya sendofu ya wifi yangu na magauni ya watoto. Kulwa akaanza ile ngoma mnayoijua, mguu huu juu ya ule. Nikamuuliza Doto, na wewe? "Sisikii kojo." Nikarudia. "Sisikii mama."

Nikamwomba choo dada wa duka. Hakuna choo. Ghorofa refu namna ile, watu wanashinda humo kutwa, hakuna choo! Akanielekeza cha kulipia: nyoosha, kata kushoto, uliza. Kubeba wawili kwenye msongamano ule siwezi. Yule dada akaniambia niachie huyu mzima, kimbia na huyo mgonjwa. Nikaweka alama kichwani: duka liko nyuma ya kijana anayeuza mikanda, amejivika shingoni kama nyoka, na spika yake inaimba "buku mbili, buku mbili". Nikakimbia.

Chooni ni mia tatu. Mimi nina noti ya elfu kumi. Mhudumu hana chenji, na Kulwa anasema mama linatoka. Nikamwachia noti yote. Ndani choo cha kuchuchumaa, sakafu imejaa maji, mlango hauna komeo. Nimemning'iniza mtoto hewani kwa mikono miwili, mlango nimeuzuia kwa makalio, pochi nimeing'ata kwa meno. Basi mtoto akaona aibu, mkojo ukagoma. Ule uliokuwa unatoka! Tumekaa mle namfanyia "shwiii" na pochi mdomoni. Ukaja, tukatoka, nikapewa chenji ya sarafu tupu, kilo nzima.

Kurudi, kijana wa mikanda hayupo. Mgambo walipita, machinga wote wamehama. Na mtaa mzima ni maduka ya vitenge. Naingia hili, silo. Naingia lile, silo. Jina la duka sikusoma, namba ya yule dada sikuchukua. Miguu inatetemeka, naita Doto, Doto, na Kariakoo ukiita Doto wanageuka watu watano.

Ngojeni, ugali unaungua. Narudi.

Shangazi Mkali:
Unaondokaje hapo???

Bajaji ya Tabata:
Mama Kulwa acha ugali uungue.

Mwenye Fremu:
Wakati tunamsubiri, niseme upande wetu, maana nina fremu ya duka mtaa wa Aggrey mwaka wa tisa. Choo kipo. Ila ni kimoja kwa ghorofa nzima, kina kufuli, ufunguo uko kwa mlinzi, na kikijaa tunachangishana hela ya gari la majitaka. Ukimruhusu mmoja, kesho una foleni. La pili, mjini kuna wajanja. Mama anaingia na mtoto analia, "kaka naomba choo", wewe unahangaika na ufunguo, mwenzake anaondoka na jora. Nimelizwa hivyo mara mbili.

Mama Tausi:
Kwa hiyo mkojo wa mwanangu ni wizi?

Mwenye Fremu:
Sijasema hivyo dada yangu. Nimesema jora liliondoka.

Mama Tausi:
Ungeweka japo ndoo nyuma ya pazia. Mteja akikojoza mtoto anarudi kununua, akikimbia kutafuta choo harudi tena kwako. Hesabu ndogo tu hiyo.

Baba Naima:
Na sisi akina baba mnatuweka wapi? Nilikuwa na binti yangu wa miaka mitano, mama yake amesafiri. Upande wa wanaume watu wamesimama wameelekea ukutani, siwezi kumpitisha. Upande wa wanawake mhudumu akanizuia mlangoni kama mwizi. Nikamwomba mama mmoja wa makamo amwingize, mimi nikasimama nje naimba jina lake ili ajue bado nipo. Watu wananitazama. Niliimba.

Shangazi Mkali:
Unamkabidhi mtoto mtu usiyemjua? Dunia hii?

Baba Naima:
Ulitaka nifanyeje shangazi?

Kisu Butu:
Mfunike macho kwa kofia, pita naye upande wa wanaume mpaka kwenye chumba chenye mlango.

Shangazi Mkali:
Na pua utaifunika na nini?

Nesi wa Zamu:
Naomba niwaambie kitu kimoja. Mtoto wa miaka minne kibofu chake hubeba kama mililita 150 hivi, haifiki hata nusu ya chupa ya soda. Yaani akisema limefika, limefika, hana akiba kama wewe. Mkojoze kabla ya kutoka, halafu tafuta choo kila baada ya saa mbili hata akisema hasikii. Akiwa kwenye michezo hasikii kweli, anakuja kusikia limeshafika mlangoni. Na msimzoeshe kubana, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) nyingi za watoto tunazoziona wodini zinakwenda pamoja na kubana na choo kigumu.

Shangazi Mkali:
Wangu siku ya soko simpi maji tangu asubuhi. Anakwenda mkavu kama kashata, anarudi mkavu.

Nesi wa Zamu:
Kwa jua la Februari? Shangazi, tutakutana wodini.

Shangazi Mkali:
Nimelea sita.

Bint Darajani:
Huku kwetu Unguja ukiwa Darajani mtoto akibanwa sie hukimbilia msikitini. Misikiti mingi ina vyoo karibu na pa kutilia udhu. Bisha hodi, omba kwa adabu, hawakunyimi. Ila mwaga maji mengi ukimaliza, maana mtoto aliyekwisha anza kula chakula, mkojo wake ni najisi kama wako. Na epuka wakati wa adhana, utazikuta foleni za udhu na mwanao ameshika suruali.

Baba Naima:
Ahsante, hili na Kariakoo linafaa, misikiti haikosekani. Nashangaa sikuwaza.

Mwana wa Eastlands:
Huku Nairobi tao choo ni shilingi kumi, na vingi ni visafi, si kama zamani ulikuwa unaingia na saa mkononi unatoka bila. Shida ni Gikomba. Matope, mikokoteni, na mtoi anakuambia "mum, susu". Ukimwachilia kando ya barabara kanjo, wale askari wa kaunti, wanatokea hujui wametoka wapi. Mimi hubeba poti kwa kiondo. Wacha wacheke.

Kisu Butu:
Poti chini, sukumawiki juu?

Mwana wa Eastlands:
Sukuma huwa kwa mfuko ingine, boss.

Mtu wa Ilala:
Wangu yuko darasa la pili, kusoma ndiyo kwanza kumekolea. Nikamsimamisha kwenye ukuta karibu na Mnazi Mmoja, nikamziba kwa mwili. Kimya. Kumbe anasoma kwa sauti: "U-si-ko-jo-e ha-pa." Akafunga zipu. "Baba, wamekataza." Na faini imeandikwa chini yake, elfu hamsini. Tukatembea mpaka nyumbani Ilala, analia, na ukuta hakuugusa. Mwalimu wake anafanya kazi nzuri sana.

Mbeba Boksi:
Huku Ujerumani kwenye vituo vya barabara kuu choo ni yuro moja, unapewa na kikaratasi cha kununulia kitu dukani. Lakini pembeni ya geti kuna kijilango kifupi, watoto wanapita bure.

Kisu Butu:
Mtoto anapita bure, baba yuko nje anatafuta yuro.

Mbeba Boksi:
Ndivyo inavyokuwa.

Mtu wa Ilala:
Huyu mhudumu wa choo cha Kariakoo hata mtoto wa mwaka mmoja mgongoni anamtoza. Niliuliza kwani naye anajisaidia? Akasema "anaweza".

Bajaji ya Tabata:
Tuache Ujerumani. DOTO YUKO WAPI?

Mama Kulwa:
Nimerudi, samahanini, baba watoto alikuja na wageni. Nilifika wapi? Naita. Akina mama wawili wakaungana nami, mmoja akasema twende msikitini wamtangaze kwenye kipaza sauti. Tunakata kona ya pili, nasikia "buku mbili, buku mbili". Yule kijana wa mikanda! Nikamkamata shati. Maskini alidhani mimi ni mgambo, akataka kukimbia. Nikamwambia, ulipokuwa umesimama kabla ya kufukuzwa, nyuma yako kuna duka gani? Akanitazama, "Mama mapacha?" Akabeba mikanda yake yote akanipeleka mpaka mlangoni, njia nzima spika inaendelea kuimba. Nilipomkabidhi zile sarafu zangu akakataa, akachukua mia tano ya maji tu.

Naingia, Doto amekaa juu ya rundo la vitenge anakula muhogo na pilipili, hana habari. Dada wa duka ananiangalia kwa sura ya kuomba radhi, nikajua kuna jambo. Nikamnyanyua mtoto. Yule aliyekuwa "hasikii" alikuwa ameshamaliza kila kitu. Pisi mbili zimelowa mpaka katikati.

Shangazi Mkali:
Nimecheka nimelia.

Nesi wa Zamu:
Nimesema mkojozeni hata akisema hasikii. Nimesema au sijasema?

Mwenye Fremu:
Ulilipa?

Mama Kulwa:
Nilinunua zote mbili. Ndizo nilizoshona nikavaa kwenye sendofu. Wifi alisifu sana.

Bint Darajani:
Ulipunguziwa bei lakini?

Mama Kulwa:
Bei ya kwanza aliyotaja. Ningeanzia wapi kuomba punguzo?

Babu Gerezani:
Sisi tuliokariri Kariakoo kwa kulitazama soko kuu tulipotea tangu lilipoungua Julai 2021. Mpaka leo nikiwa na mjukuu natafuta mama lishe. Unakula sahani ya wali kwake, choo anakutafutia yeye mwenyewe. Wali umelipia, choo hukulipia.

Baba Naima:
Mtoto akila wali si ndiyo anataka kikubwa?

Babu Gerezani:
Anayekula ni mimi.

Mama Tausi:
Nimewasoma wote, ahsanteni. Nimechukua la msikiti na la mama lishe, poti nitafikiria. Nauliza tu, kuna anayejua choo chochote karibu na maduka ya viatu? Jumamosi narudi. Vile viatu vimembana.

Kisu Butu:
Nilisema kamba.

Bajaji ya Tabata:
Jumamosi dada yangu usinipigie, niko harusini.