Udhaifu CVE-2020-24586 kwenye wifi ya Linux: je, unaweza kusubiri?

FundiBweni: Habari za kazi, wadau. Ninasimamia wifi ya bweni la wanafunzi, ambapo kila mwanafunzi huingia kwa jina na nywila yake, na kituo cha kurushia ni kompyuta yenye Debian, aina mojawapo ya Linux, ambayo haijasasishwa tangu mwaka 2020. Ukaguzi umeonyesha udhaifu CVE-2020-24586 (CVE ni orodha ya udhaifu wa usalama unaojulikana), wenye alama 3.5 kati ya 10, yaani hatari ndogo. Je, ni sahihi kuuacha hadi likizo, ili nisiwakatie mtandao wakati wa mitihani?

Keneli_Dom: Ndugu, huo ni mmoja kati ya udhaifu 12 ambao mtafiti Mathy Vanhoef aliutangaza Mei 2021 kwa jina la FragAttacks. Kiwango cha wifi hakikulazimisha kifaa kufuta kwenye kumbukumbu vipande vya pakiti (vifurushi vya data) ambavyo havijakamilika pale kifaa cha mtumiaji kinapounganishwa upya. Kwa hiyo mwenye akaunti halali anaweza kuingia kwa anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa) ya mwenzake, akaacha kipande cha kwanza kinachoelekeza kwenye seva yake, kisha akaondoka. Mwenye anwani akija kutuma kipande cha pili, kituo huviunganisha, na data yake huishia kwa mshambulizi. Alama ni ndogo kwa sababu vifaa vingi havikati pakiti vipande visipoagizwa, na tovuti za HTTPS husimba data hiyo. Mimi ningesubiri.

MamaSeva: Maelezo ni sahihi, lakini siafiki kusubiri. Alama hiyo haikupimwa kwa bweni lako, na shambulio hili linahusu hasa mitandao ya namna hiyo, yenye watumiaji wengi wasioaminiana, kila mmoja na akaunti yake. Marekebisho yamo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, katika mac80211, tabaka linalotumiwa na viendeshi (programu za kuendesha kadi) vingi vya wifi. Sasisha keneli, uwashe kompyuta upya usiku wa manane. Wanafunzi watakosa mtandao kwa dakika chache tu. Kama kadi yako inatumia kiendeshi cha ath10k, hakikisha sasisho linakigusa nacho, kwa kuwa kilihitaji marekebisho yake ya peke yake dhidi ya FragAttacks.

FundiBweni: Nashukuru, dada. Je, namba ya toleo la keneli inatosha kunithibitishia?

MamaSeva: Haitoshi, kwa sababu Debian huingiza marekebisho mapya ya usalama hata katika matoleo ya zamani. Soma kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi cha keneli, utafute namba hiyo ya CVE.